Mwisho wa Wimbo wa Mama Njoki

Shiku, mjukuu wa Mama Njoki, alinipigia simu siku mbili baada ya nyanya yake kufariki, akaniomba niongoze wimbo makaburini. Aliongea kwa upole, kama mtu anayempa mzee heshima yake, akiniita tata, yaani shangazi. "Tata Damari, tumeweka namba sabini na tatu kwa programu. Ile ya kitabu ya Mwalimu Elifasi. Watu wanasema hakuna mtu anaijua poa kukushinda." Nikamwambia sawa, nikakata simu, nikaketi kitandani, na hasira iliyonipanda ilikuwa kubwa hata nikatafuta dawa zangu za presha kabla sijatafuta kitambaa cha kulilia. Katika kitabu hicho, juu ya noti za namba sabini na tatu, upande wa kulia, imeandikwa kwa wino mzito kwamba mtunzi ni Mwalimu Elifasi. Si kweli. Wimbo ule ni wa Mama Njoki, yuleyule tuliyekuwa tunajiandaa kumzika, na mwisho wake sio huo ulioko kitabuni. Ninajua kwa sababu mkono ulionakili kitabu chote, kutoka namba moja hadi namba ya mwisho, ni huu wangu. Nilikuwa nimeombwa nimzike mama yule kwa kitu alichoibiwa, na aliyeshika tochi siku ya wizi nilikuwa mimi.

Mwaka wenyewe ni ule nilipomaliza kidato cha nne nikarudi kukaa mtaa wetu wa Bahati bila kazi, katikati ya miaka ya sabini. Mwalimu Elifasi alifika mtaani kwetu mwezi wa pili akiwa na mkoba wa ngozi, suti ya kijivu na kitambaa kikubwa cheupe kilichokunjwa kama shuka. Alikitundika kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa, ule wa mabati uliokuwa ukinuka mafuta ya taa kwa sababu wamama waliyasugulia sakafu, na hapo ndipo tulipoona ngazi yake: do chini kabisa, re, mi, fa, so, la, ti, na do nyingine juu. Alikuwa akienda mtaa kwa mtaa, miezi mitatu hapa, miezi mitatu pale, akifungua darasa la nyimbo. Alikuwa ametoka Kaloleni, na baada yetu angeenda Jericho. Jumanne na Alhamisi watu walitoka kazini wakapitia ukumbini moja kwa moja: makarani, mafundi wa reli wakiwa na grisi kwenye kucha, wamama wa soko waliokuwa bado wamejifunga leso. Soprano tulikaa karibu na dirisha, alto nyuma yetu, teno ukutani, na besi mlangoni kwa sababu ndio waliochelewa kila siku. Sheria yake ilikuwa moja: noti kwanza, maneno baadaye. Hukuruhusiwa kutamka hata neno moja la wimbo kabla hujaimba noti zake zote bila kosa. Tuliweza kukaa wiki mbili na wimbo mmoja tukiimba so so mi do mpaka watoto wa mtaa wakawa wanatufuata njiani wakituiga. Nilipenda kila dakika. Niseme ukweli huo mapema, kwa sababu mtu akisoma hasira yangu anaweza kudhani nilimchukia yule mtu tangu mwanzo.

Alikuwa na kitabu kimoja kikuukuu, jalada limeliwa na mende, alichopewa na mmishonari Mmarekani alipokuwa kijana. Noti zake zilikuwa na maumbo: pembetatu, mraba, duara, kila umbo na sauti yake. Alitusimulia kuhusu watu waliotengeneza vitabu vya namna hiyo. Zamani huko Marekani, alisema, reli haijafika na watu wanaishi mbalimbali msituni, mwalimu wa nyimbo alipanda farasi akaenda kutoka kijiji hadi kijiji. Alifungua darasa katika nyumba ya magogo, vijana wakaja, nusu yao wakitafuta wachumba, na baada ya wiki chache walikuwa wanasoma noti. Kisha aliondoka, na alipoondoka alibeba nyimbo mbili tatu alizozisikia midomoni mwao, akazipanga kwa sauti tatu au nne, akazitia kitabuni na kuzipa majina ya mahali alikozipata. "Mimi ndiye mwalimu huyo wa mitaa hii ya Eastlands," alisema Mwalimu Elifasi. "Nimekosa farasi tu." Ukumbi mzima ulicheka, na nadhani mimi nilicheka kuliko wote. Alikuwa ameanza kitabu chake mwenyewe cha nyimbo za mitaa yetu, kila wimbo ukiitwa kwa jina la mtaa: Kaloleni, Mbotela, Shauri Moyo. Alihitaji mtu mwenye mwandiko safi na sikio jepesi. Mwezi wa tatu ulipofika alikuwa amenichagua mimi, na mabega yangu yalipanda juu yasishuke mpaka Krismasi.

Mama Njoki hakuwa kwenye darasa. Alikuwa fundi cherehani, akiishi chumba kimoja cha kanjo, yaani cha baraza la jiji, safu mbili kutoka kwetu, pazia la maua likigawanya kitanda chake na mahali pa kazi. Njoki, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa tayari. Nilikwenda kwake kupeleka vitambaa vya joho za kwaya, rangi ya damu ya mzee, na kwa kuwa joho zilikuwa nyingi nikawa naenda karibu kila siku. Alinipa chai ya maziwa iliyokolea tangawizi na viazi vitamu kwenye sahani ya bati, tukikaa katikati ya mikono ya joho iliyokuwa haijashonewa vifua. Alishona huku akiimba. Miguu kwenye cherehani, pini mdomoni, na wimbo ukipitia puani kwa sababu ya zile pini. Niliusikia mara kumi kabla ya kuusikiliza. Ulikuwa wa sala, maneno machache ya Kiswahili, mtu akimwomba Mungu amkumbuke yule asiyeonekana. Sauti ilipanda kwa taratibu ubeti mzima, na mwisho, mahali ambapo sikio langu jipya la darasani lilingoja do, iliteremka ikapita do bila hata kuipungia mkono, ikakaa kwenye la ya chini. Hapo ikanyamaza. Nikamuuliza nani alimfundisha.

"Hakuna mtu alinifunza. Ilikuja tu."

"Ilikuja lini?"

Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye mto mdogo. Aliniambia ilikuja wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, wiki ile askari walizunguka Bahati alfajiri, wakawatoa wanaume nje na kuwaketisha chini mikono kichwani. Baba Njoki alikuwa seremala. Alipandishwa lori na penseli yake bado iko sikioni. Mama Njoki alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Wengine walirudi baada ya mwaka, baada ya miaka minne, wengine wakiwa wamevunjika lakini wakiwa na miguu ya kuwarudisha. Yeye hakurudi, wala hakuna ofisi iliyowahi kumwambia amekufa. "Kwa hivyo huo wimbo nikifika mwisho siwezi kuufunga," alisema. "Nitaufunga aje na yeye hajarudi? Nauacha hapo chini, ungojee." Kisha akanirudishia sahani nimalizie kiazi, akasema nisipokula vizuri joho itanipwaya.

Nilimwomba ruhusa kuuandika. Nilimwambia utakuwa kitabuni, utaimbwa mpaka Nakuru, mpaka Mombasa. Alicheka, akauliza watu wa Mombasa watafanyia nini maombi yake, lakini niliona amefurahi. Aliniimbia polepole, mstari kwa mstari, cherehani ikiwa imesimama, nami nikaandika noti kwenye daftari langu. Aliponiona naandika ile herufi ya mwisho aliuliza ni nini, nikamwambia ni la. Hakujua kusoma. Aliweka kidole juu yake akasema, "Hapo ndio yuko."

Mwalimu Elifasi alikuwa amepanga chumba nyuma ya ukumbi. Kitanda, meza, jiko la mafuta ya taa, na sufuria ya githeri iliyokaa siku tatu ikipashwa moto mpaka maharagwe yakawa uji. Nilikuwa nakaa mezani kwake mchana nikinakili. Alipouimba wimbo wa Mama Njoki kutoka kwenye daftari langu alifumba macho, na nilijua ameukubali. Akachukua penseli, akaikata ile la ya mwisho, akaandika ti, do. Hakuniuliza.

"Mwalimu, inaishia la."

"Umesikia vibaya. Au yeye amesahau. Wimbo lazima urudi nyumbani."

Nikamwambia sijasikia vibaya, na yeye hajasahau. Nikamweleza habari za Baba Njoki, lori, penseli, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo: alisikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Kisha akasema, "Hiyo ndiyo sababu hasa. Tutamwacha huyo mama ananing'inia mpaka lini? Nchi imepata uhuru. Sisi tumeshafika, binti yangu. Kanisa la watu waliofika haliwezi kuimba nyimbo za watu walioko njiani." Nilikuwa na kile kitabu chake cha Marekani karibu na mkono wangu, nacho nilikuwa nimekipekua siku nyingi akiwa hayupo. Nikakifungua, nikamwonyesha. Kimejaa nyimbo zinazoishia la. Ukurasa baada ya ukurasa, wale watu wake wa farasi na nyumba za magogo waliacha nyimbo chini kabisa wala hawakuona haya. Alikitazama, akakifunga taratibu. "Hao waliwaimbia wafu wao," akasema. Akarudi kwenye githeri yake. Nami, badala ya kuchukua daftari langu na kutoka nje, nikachukua karatasi safi na kunakili kama alivyotaka, do kubwa nzuri mwishoni, kwa ule mwandiko wangu uliosifiwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mtu mkubwa alikuwa ananiita binti yangu. Sababu ni hiyo, na haitoshi.

Kuhusu jina, sikuambiwa. Nilisikia. Nilikuwa nafagia ukumbi, naye alikuwa na pasta ndani ya kile chumba, mlango wazi kidogo kwa sababu ya moshi wa jiko. Pasta akauliza, "Na huyu mama wa cherehani, mbona hayuko kwenye orodha?" Mwalimu akajibu, "Aliimba tu, pasta. Kutunga ni kupanga. Sauti nne nimepanga mimi." Nikadhani pasta atampinga. Akasema, "Na tukianza kuandika kila mama anayeimba mferejini, kitabu kitabebwa na mkokoteni." Wakacheka wote wawili. Nilisimama na ufagio mkononi. Nimewahi kujiuliza mara elfu ingekuwaje kama ningeusukuma ule mlango. Ulikuwa mlango wa mbao nyembamba, ulikuwa wazi tayari, ningeusukuma kwa kidole.

Kitabu kilitoka mwezi wa kumi na moja; kilikuwa kimemchelewesha Mwalimu kwenda Jericho. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na shukrani, na humo kuna jina langu, Damari, kwa mwandiko wangu na bidii yangu. Jina la Mama Njoki halimo popote. Wimbo wake uliitwa Bahati, kama mtaa. Jumapili ya uzinduzi kanisa lilijaa hata watu wakasimama kwenye madirisha, mgeni wa heshima akaletwa na gari jeusi, nasi tukaingia katika joho alizotushonea. Mama Njoki alikaa safu ya tatu na wamama wenzake, kilemba kipya kichwani. Nilikuwa nimemwambia wimbo wake umo. Sikuwa nimemwambia lingine lolote. Tulipoanza namba sabini na tatu aliinuka kabla ya watu wote, akaimba nasi kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake akiwa kwenye cherehani. Tukafika mwisho wa ubeti. Kwaya nzima, sauti nne, ikaingia kwenye do kwa kishindo, na chini yetu sauti moja ya mama ikateremka kwenye la, pekee yake, wazi, nzito. Zilikwaruzana. Watu waligeuka kutafuta nani amekosea. Ubeti wa pili ilikuwa vilevile, na sasa wasichana wa alto walikuwa wanabana vicheko. Mwalimu Elifasi, akiwa anatuongoza mgongo kwa watu, alinitazama mimi niliyekuwa mwisho wa mstari, karibu na safu ya tatu, akaniashiria kwa nyusi nimnyamazishe. Nikageuka. Nikamtazama Mama Njoki machoni, nikaweka kidole kwenye midomo yangu.

Aliketi. Ubeti wa tatu tuliuimba bila yeye, na ulitoka safi kama maji, mgeni wa heshima akapiga makofi.

Nje, baada ya ibada, msichana mmoja wa alto alimwambia bila ubaya wowote, "Mama, ile mwisho unaimbanga vibaya. Kuja darasa Alhamisi, Mwalimu akufunze." Mama Njoki akasema asante, mtoto wangu. Kesho yake nilikwenda kwake. Alikuwa anapinda gauni la mtu. Hakunipa chai, wala hakuninyima kiti.

"Ulimwambia hiyo ya Baba Njoki?"

"Nilimwambia."

"Kabla abadilishe, ama baada?"

"Baada. Lakini ilikuwa bado ni penseli."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupinda gauni, miguu inakwenda, pini mdomoni. Nilikaa mpaka pindo likaisha. Sikumsikia akiimba siku hiyo, wala siku nyingine yoyote niliyopita mlangoni pake, na nilipita nyingi kabla sijaanza kuzunguka njia ya dukani ili nisipite.

Hasira yangu kwa Mwalimu Elifasi haijapungua kwa sababu amekufa. Alizikwa kwa kwaya tatu na watu wakamwita baba wa nyimbo. Sitaki kuambiwa kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa, kwamba hata huko Marekani wakusanyaji walifanya hivyo, wakisikia mama akiimba jikoni wanaweka majina yao juu. Najua walifanya. Kwa hivyo wezi ni wengi. Mali bado ina mwenyewe. Lakini mtu aliyeishi kwa wizi ule ni mimi. Kwa barua ya Mwalimu Elifasi nilipata nafasi chuoni, nikawa mwalimu wa muziki, miaka zaidi ya thelathini katika shule za Makadara na Buruburu, na kila mwaka nilifundisha namba sabini na tatu kwa sababu watoto waliipenda. Mtoto akiteremka kwenye la kwa bahati mbaya, na wapo walioteremka, masikio yao yakiwapeleka huko yenyewe, niligonga meza kwa rula nikamwambia arudie. Nilijua ninachogongea ile meza.

Basi tukafika makaburini. Kulikuwa na vumbi na upepo, hema moja la kijani, na kwaya ya vijana wazuri sana, vitabu mkononi, chapa mpya yenye jalada la bluu. Kiongozi wao alinipa sauti kwa simu yake. Nikawaambia wafunge vitabu. Wakatazamana. Nikawaambia tena, kwa sauti ile ya darasani, wakafunga. Niliimba peke yangu beti zote tatu kama nilivyoandika katika daftari, na kila mwisho niliteremka mpaka chini, nikauacha hapo. Nilipomaliza hakuna aliyesema amina. Walikuwa wanangoja niendelee. Kiongozi wa kwaya, kijana mwenye moyo mzuri, akaimba do kwa sauti ndogo kunisaidia. Pasta akaniinamia, "Mama, umesahau mwisho?" Nikamwambia mwisho ndio huo, na mwenye wimbo yuko ndani ya sanduku hili, si yule mliyemwandika. Nikasema habari yote pale, mbele ya wenye majembe, bila kupunguza. Sauti yangu ilikuwa kali kuliko inavyofaa kwenye mazishi, na sikujali.

Shiku alinijia watu walipoanza kutawanyika. Nilidhani atanishukuru. Kwa kweli nilikuwa nimeshafungua mikono.

"Shosho hakuwa anakaa hiyo wimbo ikiimbwa," alisema. "Kila mara alikuwa anatoka nje ya kanisa. Sisi tulikuwa tunadhani anaenda choo. Tulikuwa tunamcheka."

"Sasa mmejua."

"Na huyo mtu alimwekea kidole hivi," akaweka kidole kwenye midomo yake, "ni nani? Hukusema jina."

"Ni mimi."

Akashusha kidole, akanitazama. Ana macho ya nyanya yake, yasiyoharakisha kitu.

"Mulikuwa mnaishi safu mbili," akasema. "Baadaye ulikuwa unafunza hapo tu Makadara. Shosho amekuwa kwa hiyo chumba mpaka juzi. Tata, ulikuwa unangoja afe ndio uimbe?"

Akaenda kuwasaidia wenzake kupanga maua, nami nikabaki nimesimama na mikono yangu wazi.